Ukikopa Chakula, Kopa na Njia Yake

Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia

  Hatutawachosha. Tuna neno moja tu, na neno lenyewe linahusu sufuria.

Hebu tuanze kwa kuulizana. Ni nani hapa alikula chapati sikukuu iliyopita? Naam, mikono yote iko juu. Ni nani alikunywa chai asubuhi? Tena wote. Na ugali wa mahindi jana usiku? Mnacheka kwa sababu jibu mnalijua. Basi tuambiane ukweli: chapati ilikuja na Wahindi. Majani chai yalitoka India pia, yakaanza kupandwa hapa Kenya mwaka 1903 huko Limuru. Mahindi yalitoka Amerika, ng'ambo ya bahari, na maharage tunayochanganya nayo kwenye githeri yalitoka huko huko. Kwa hivyo yule anayesema, "Mimi siwezi kula chakula cha watu wengine," anakila mara tatu kwa siku.

Tunasema hivi kwa sababu katika vikundi tunavyotembelea tumeona mambo mawili. Kwanza, nyumba nyingi zinakula ugali na sukuma wiki Jumatatu mpaka Jumapili, na kiangazi kikija, sukuma yenyewe inapotea au bei inapanda. Pili, katika vikundi hivyo hivyo mna utajiri ambao hautumiki. Kuna mama aliyeolewa kutoka Ukambani, mwingine kutoka Kisii, mwingine alikulia Pwani, na baba aliyefanya kazi miaka mingi Kericho. Kila mmoja ana chakula cha kwao kichwani, lakini anaona haya kukipika mbele ya wenzake asije akachekwa. Mchanganyiko wa namna hiyo ni shule, jamani, na karo yake ni kuuliza tu.

Kwa hivyo tunawahimiza mjaribu vyakula vya wenzenu. Lakini tunaongeza sharti moja, na hilo ndilo neno letu la leo: ukikopa chakula, kopa na njia yake. Usichukue mbegu ukaacha maarifa. Kuna watu waliofanya hivyo, wakaumia vibaya. Sikilizeni.

Mahindi yaliyosafiri peke yake

Wenyeji wa Meksiko wamekula mahindi kwa maelfu ya miaka. Wao huchemsha mahindi katika maji yenye chokaa, au majivu, wakayaacha yalale humo usiku kucha. Asubuhi huyaosha, maganda yakatoka, ndipo wakasaga. Mgeni angeweza kuona ni usumbufu wa bure. Lakini ndani ya mahindi kuna vitamini moja iitwayo niasini ambayo imefungwa, mwili hauwezi kuichukua vizuri. Ile chokaa huifungua. Tena wao hula mahindi hayo pamoja na maharage.

Wazungu walipofika huko baada ya mwaka 1492 walibeba mahindi, hawakubeba ile njia. Mahindi yakaenea Ulaya, maskini wakawa wanakula uji na ugali wa mahindi karibu peke yake. Mwaka 1735 daktari mmoja wa Uhispania, Gaspar Casal, akaandika juu ya ugonjwa mpya katika watu maskini wa sehemu yake: ngozi inakuwa nyekundu na kupasuka mahali panapopigwa na jua, shingoni na mikononi. Baadaye ukajulikana kwa jina la pelagra. Mgonjwa huharisha, akili huchanganyikiwa, na asipopata msaada hufa. Ukatesa Italia ya kaskazini, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukatesa majimbo ya kusini ya Marekani. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukizana, mpaka daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, alipoonyesha kwamba shida ilikuwa kwenye sahani. Niasini yenyewe ilitambuliwa kuwa ndiyo dawa mwaka 1937.

Msiseme hayo ni ya zamani na ya mbali. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakiishi kwa chakula cha msaada, zaidi mahindi. Karanga zilipokosekana kwenye mgao, watu zaidi ya 18,000 walipata pelagra. Karanga tu! Kitu ambacho mtoto anatafuna akienda dukani.

Sasa tazameni hekima ya wakongwe wetu. Mahindi yalipofika hapa, bibi zetu hawakuyaacha yakae peke yake. Kule Mlima Kenya wakapika githeri, kule Nyanza wakapika nyoyo, kule Ukambani muthokoi: popote pale mahindi na jamii ya kunde katika chungu kimoja. Kwa hivyo ukiona kijana anachagua maharage kwenye githeri na kuyaweka kando, mwambie kisa cha Malawi.

Muhogo na siku tatu

Muhogo nao ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta Afrika. Watu wa msitu wa Amazon walijua kwamba muhogo mchungu una sumu. Huukwaruza, wakaukamua maji katika mfuko mrefu wa kusukwa, ndipo wakaupika. Katika Afrika watu walijifunza njia zao: kumenya, kuloweka siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kuanika, kisha kusaga. Anayezifuata anakula kwa amani.

Shida huja mtu akifupisha njia. Katika sehemu za Bandundu huko Kongo, wakati ule nchi ikiitwa Zaire, barabara nzuri ilifika na wanunuzi wa mjini Kinshasa wakaja kwa haraka. Watu wakaanza kuloweka muhogo siku moja badala ya tatu, ili wauze upesi. Ndipo ugonjwa uitwao konzo ukawapata. Jina hilo katika lugha ya Wayaka wa huko ni kama kusema miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi. Unashika zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Huko Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame wa mwaka 1981, konzo ilishika watu zaidi ya 1,000, kwa sababu mazao mengine yalikauka, ukabaki muhogo mchungu, na njaa haikuwapa watu nafasi ya kungoja siku za kuloweka.

Mnaona? Chakula ni kile kile. Kilichopungua ni siku mbili.

Tunataka mrudi nyumbani na jambo la kufanya. Kama unga wa muhogo umetoka kwa mtu usiyemjua, au ni wa muhogo mchungu, kuna njia rahisi iliyotangazwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na kujaribiwa na akina mama wa Kongo. Wao waliipenda. Ni hivi:

1. Tia unga kavu kwenye bakuli, utie alama mahali unga ulipofika.
2. Ongeza maji huku ukikoroga. Mara ya kwanza unga utashuka, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye ile alama, acha.
3. Tandaza unga huo wenye unyevu juu ya mkeka safi, usizidi unene wa sentimeta moja.
4. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu hupotea hewani.
5. Pika ugali siku ile ile. Usiuweke mpaka kesho, utaharibika.

Njia hii ni ya kuongezea. Haimpi mtu ruhusa ya kuacha kumenya na kuloweka. Na ugali wa muhogo uliwe pamoja na samaki, maziwa au kunde, maana vyakula hivyo husaidia mwili kuondoa mabaki ya sumu.

Vyakula vinne vya kujaribiana

Sasa tuje kwetu. Tumechagua vyakula vinne kutoka pande nne za nchi. Kwa kila kimoja tutasema hatua ambayo mkopaji hapaswi kuiruka.

Muthokoi wa Ukambani. Weka mahindi makavu kwenye kinu, nyunyizia maji kidogo, twanga polepole mpaka maganda yatoke bila kuvunja punje. Pepeta kwa ungo. Chemsha pamoja na maharage, mbaazi au ndengu mpaka vilainike, kisha kaanga na kitunguu ukipenda. Ni laini kuliko githeri, wazee wasio na meno wanakula vizuri na watoto pia. Hatua ya kutoruka: kama unataka kuweka akiba, anika muthokoi juani mpaka zikauke kabisa kabla ya kutia kwenye gunia. Na usitwange mahindi yaliyoota kuvu ukifikiri umeyasafisha. Kukoboa kunapunguza sumu ya kuvu, hakuiondoi yote, wala kuchemsha hakuiondoi. Tukumbuke mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani: watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini kwenye mahindi, na 125 wakafariki.

Mbaazi za nazi za Pwani. Hapa kuna jambo la kuchekesha. Ukambani wanalima mbaazi kwa wingi, na Pwani wanajua kuzipika. Loweka vikombe viwili vya mbaazi kavu usiku kucha. Mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya mpaka ziive kabisa. Kuna nazi moja, kamua tui zito uliweke kando, kisha ongeza maji ya uvuguvugu ukamue tui jepesi. Tia tui jepesi kwenye mbaazi pamoja na kitunguu, pilipili mbichi na chumvi. Likipungua, tia tui zito. Hatua ya kutoruka: baada ya kutia tui zito, moto uwe mdogo na uendelee kukoroga, la sivyo tui litakatika na mafuta kujitenga. Watu wa Pwani hula na mahamri asubuhi, lakini hata na ugali zinakwenda. Nazi ikiwa ghali kwenu, tieni karanga za kusaga. Hicho kitakuwa chakula kingine, kizuri pia, msikiite cha Pwani.

Mboga chungu kwa maziwa. Saga, ambayo Waluo huiita dek na Pwani huitwa mgagani, na managu, ambayo Waluo huiita osuga na kwa Kiswahili ni mnavu. Wengi mnasema, "Hiyo ni kali, siwezi." Ndiyo, ukiichemsha dakika kumi kama sukuma wiki itakuwa kali. Watu wa Nyanza na Magharibi hawana haraka hiyo. Wanachemsha, wanatia maziwa, mboga inalala. Kesho wanaipasha tena na kuongeza maziwa, na kesho kutwa ukali umekuwa utamu. Hatua ya kutoruka: kila mara inapopashwa ichemke hasa, isiwe ya vuguvugu tu, na chungu kifunikwe mahali penye ubaridi. Kuhusu managu, chuma majani. Matunda yake mabichi yana sumu, watoto waonywe. Magadi nayo yawe kidogo sana, maana yakizidi yanaua vitamini.

Mursik ya Wakalenjin. Kibuyu huoshwa vizuri na kukaushwa, halafu ndani husuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, kama ule uitwao senetwet. Maziwa hutiwa, kibuyu hufungwa, na baada ya siku kadhaa yameganda na yana harufu ya pekee. Hatua za kutoruka ni mbili. Maziwa yachemshwe kwanza, kisha yapoe, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu. Na mkaa uwe wa mti ulioonyeshwa na mwenye kuujua. Usichome mti wowote uliouona njiani ukafikiri mkaa ni mkaa, maana kuna miti yenye sumu.

Jinsi kikundi kinavyoweza kuanza

Chagueni siku moja kwa mwezi, labda siku ile ile mnayokusanya mchango, ili msiongeze safari. Halafu mfuate taratibu hizi:

1. Mwenye chakula ndiye mwalimu. Siku hiyo yeye ndiye apike, hata kama mwenyekiti anafikiri anajua zaidi. Wengine wasaidie kuteka maji, kuchambua na kutazama.

2. Mara ya kwanza msibadilishe kitu. Pikeni kama anavyosema. Mkishaijua njia ndipo mbuni zenu.

3. Kwa kila hatua ulizeni, "Tukiiacha hii, itakuwaje?" Pengine atajibu, "Ni mapambo tu." Pengine atajibu, "Tumbo litauma." Na pengine atasema, "Sijui, mama alinifundisha hivyo." Jibu hilo la tatu mliheshimu sana. Hata Wameksiko wa kale hawakuijua niasini kwa jina, lakini waliijua chokaa.

4. Katibu aandike: vipimo kwa kikombe au gorogoro, muda wa kila hatua, kuni zilizotumika na gharama. Baada ya mwaka mtakuwa na kitabu cha mapishi kumi na mawili, na kitabu hicho ni mali ya kikundi kama vile ng'ombe ni mali ya kikundi.

5. Anzeni na kidogo. Kila mtu aonje, asubiri mpaka kesho, ndipo apike sufuria kubwa nyumbani. Mtoto ambaye hajafika miezi sita asionjeshwe chochote, yeye chakula chake ni maziwa ya mama.

6. Mboga za porini zisichumwe kwa kusikia jina tu. Jina moja linaweza kuitwa mimea miwili katika sehemu mbili. Mwenye kuijua awapeleke shambani awaonyeshe jani, ua na tunda.

7. Asicheke mtu. Tunasisitiza hapa, kwa sababu vikundi vingine vimevunjika kwa maneno madogo. Ukimwambia mwenzako kwamba chakula cha kwao ni cha ng'ombe, hujatukana mboga, umemtukana mama yake. Kama humezi, sema, "Asante, bado nazoea."

Zamani kidogo tulifundishwa kuziona mboga hizi kama magugu. Leo mambo yamebadilika. Mwaka 1999 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa walitoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya vyakula vya kienyeji vya Kenya, na mwaka 2021 shirika la UNESCO lilitaja kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya jadi kuwa mfano mwema kwa dunia. Sokoni Nairobi, managu na saga vinauzwa kwa wenye mishahara. Itakuwa aibu sisi wenye shamba tuvinunue kwa watu wa mjini.

Lakini wanaojua njia ni wazee, na wazee hawabaki. Bibi mmoja akifariki bila kuulizwa, kinu chake kitabaki uani na hakuna atakayejua alikuwa akitwanga nini, kwa maji kiasi gani. Unga unaweza kununuliwa dukani. Zile siku tatu za muhogo hazimo kwenye pakiti.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kulala, mtafute jirani yako aliyetoka mbali, umuulize swali moja: "Kwenu mnapika nini, na mnakipikaje?" Halafu nyamaza, usikilize mpaka mwisho.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kikundi chetu wanachama wametoka sehemu ngapi? Ni chakula gani kimoja kila mmoja anaweza kutufundisha?

2. Ni chakula gani tunachokula kila siku ambacho tumekifupisha njia kwa sababu ya haraka au kuni? Je, kuna hatari?

3. Watoto wetu wanakula mahindi au muhogo pamoja na nini? Wiki hii tunaweza kuongeza nini kutoka shambani bila kutumia pesa?

4. Ni mzee gani kijijini ambaye tungependa kumwalika mwezi ujao, na ni nani atakwenda kumwomba?

 Sasa twendeni jikoni, mbaazi zimelowekwa tangu jana.